Fedha za Umma Hazivuji

Miaka michache iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ndogo katika taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kikao kiliitishwa kujadili fedha za wanafunzi waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo. Fedha zilikuwa zimepokelewa, wanafunzi walikuwa vituoni kwa wiki ya tano, na hapakuwa na hata mmoja aliyelipwa. Wengine walikuwa wakilala kwa hisani ya wenyeji wao. Binti mmoja alikuwa amekata tamaa na kurudi kwao. Mkuu wa kitengo alikohoa kidogo, kisha akasema kwa ule mchanganyiko wa lugha tuliouzoea vikaoni: "Ndugu wajumbe, kuna leakage kidogo hapa katikati." Wajumbe tukatikisa vichwa. Nami, kwa kuwa ni mwalimu wa lugha na hujiona mlinzi wa Kiswahili fasaha, nikalitafsiri neno hilo katika muhtasari: "Kumebainika uvujaji wa fedha. Kikao kiliazimia kwamba mianya yote izibwe."

Wiki mbili baadaye tuliitwa tena. Safari hii ajenda ilikuwa karani kijana wa uhasibu, aliyewaonesha viongozi wa wanafunzi nakala ya hati ya malipo. Hati ile ilionesha kwamba fedha za mafunzo zimelipia semina, na hapakuwa na mjumbe hata mmoja aliyeweza kusema semina hiyo ilifanyika lini na wapi. Hata hivyo, habari ya semina haikuulizwa. Swali lilikuwa moja: "Nani kavujisha?" Kijana akatajwa kwa jina, kwa cheo na kwa namba ya ajira. Akaandikiwa barua ya kujieleza, kisha akahamishiwa mbali na familia yake. Nami nikaandika: "Ndugu fulani alivujisha nyaraka za ofisi."

Hivi karibuni nimeisoma tena mihtasari hiyo miwili, na nimeona aibu. Katika ule wa kwanza fedha zimetoweka bila mtu kuzigusa. Katika ule wa pili karatasi moja imetoka, na tayari ina mwenye kuitoa, mwenye hatia na adhabu. Neno ni lilelile, ofisi ni ileile, mwandishi ni mimi yuleyule. Makala hii ni ya kulishtaki neno hilo na sisi tunaolitumia, nikianza na mimi mwenyewe.

Tuanze na neno lenyewe, "leak". Wataalamu wa asili ya maneno hulihusisha na lugha za kale za kaskazini mwa Ulaya, Kinorsi na Kiholanzi, ambako lilihusu kudondoka kwa matone. Waingereza, kwa kuwa ni watu wa merikebu, walilitumia sana kwa chombo kinachoingiza maji. Hadi leo matumizi yake ya kila siku yanaanzia hapo: bomba lina "leak", paa lina "leak", tairi lina "leak", gesi ina "leak". Mitaani hutumika hata kwa kwenda haja ndogo. Tangu karne ya 19 limehusishwa pia na siri: habari iliyofichwa ikijulikana, husemwa kwamba imevuja. Kisha likaingia katika lugha ya fedha, ambako "leakage" ni mapato ambayo yalipaswa kufika hazina nayo hayakufika.

Maana zote hizo zimetoka kwenye picha moja: kuna chombo, kuna kimiminika ndani yake, na kuna tundu. Picha hiyo haina mtu. Maji hayana nia wala mpango wa kukimbia. Hupita penye tundu kwa sababu ndiyo tabia ya maji, na tundu hutokea kwa sababu bomba limezeeka au kutu imelila. Anayesikia kwamba bomba linavuja humtafuta fundi. Polisi haji akilini mwake. Kwa bomba, hiyo ni sawa kabisa. Hatari huanza pale picha hiyo isiyo na mtu inapobebwa mzima mzima na kuwekwa juu ya jambo ambalo haliwezi kutokea pasipo mtu.

Fedha ya umma haina tabia ya maji. Haiwezi kutoka katika akaunti kwa uzito wake yenyewe. Ili shilingi moja ihame, lazima mtu aandike dokezo, mwingine aidhinishe, mwingine aandae hati, mwingine asaini, na benki ipokee maelekezo. Katika kila hatua kuna jina, tarehe na sahihi. Kwa hakika ni vigumu kupata kitu kinachoacha alama nyingi za vidole kuliko malipo ya serikali. Ndicho kitu hicho tunachokisema kwamba "kimevuja", kana kwamba kilipenya usiku kwenye ufa wa sakafu.

Jambo linaloniuma zaidi kama mwalimu wa lugha ni kwamba Kiingereza kina kisingizio, sisi hatuna. Kwa Kiingereza, kitenzi "leak" hutumika kwa umbo lilelile iwe ni bomba linalovuja lenyewe au ni mtu anayevujisha. Kiswahili kimetutenganishia mambo hayo kwa kiambishi kidogo. Kuvuja ni jambo linalokipata chombo. Kuvujisha ni tendo la mtu. Wanafunzi wa kidato cha pili huijifunza kauli hiyo ya kutendesha: kupotea na kupoteza, kuanguka na kuangusha, kuvuja na kuvujisha. Kwa hiyo kila afisa anapoandika ripoti, lugha humwekea mbele vitenzi viwili achague. Tazama tunavyochagua. Ikihusu fedha, tunaandika "zimevuja". Ikihusu waraka unaoonesha zilikokwenda fedha hizo, tunauliza "nani kavujisha?" Sarufi tunaijua vizuri sana, na tunajua pia ni nani wa kumwekea kiambishi na nani wa kumwondolea.

Si hivyo tu. Tazama vitenzi viwili vya Kiswahili vinavyokaribiana kama pacha: kuvuja na kufuja. Sauti hizi mbili, v na f, hutamkwa mahali pamoja, meno ya juu yakigusa mdomo wa chini. Tofauti ni kwamba moja ni ghuna na nyingine si ghuna. Kufuja ni kutumia mali ovyo, kuitapanya bila haki, na mfujaji ni mtu mwenye jina. Kuvuja hakuna mvujaji. Kuna bomba tu. Ripoti nyingi za ofisi zetu zimejengwa juu ya mtelezo huo mdogo wa ulimi: palipotakiwa herufi moja pamewekwa nyingine, na kosa la jinai likageuka kuwa hitilafu ya mitambo.

Wako watakaosema kwamba hii ni istilahi ya kitaalamu, na kwamba mwalimu wa lugha asiingilie mambo ya wahasibu. Basi twende kwa wataalamu wa maji, ambao ndio wenye neno. Mamlaka za maji hupima kiasi cha maji kilichozalishwa na kiasi kilicholipiwa, na tofauti yake huitwa maji yasiyoleta mapato. Kwa utaratibu unaotumiwa kimataifa, wahandisi hawaiiti tofauti hiyo yote uvujaji. Huigawa. Kuna upotevu halisi, yaani mabomba yaliyopasuka, viungio vilivyolegea na matangi yanayofurika. Kuna pia upotevu wa kibiashara: watu waliojiunganishia maji kinyume cha sheria, mita zisizosoma sawasawa, na makosa katika ankara. Huhesabiwa mbali kwa sababu dawa zake ni tofauti. Bomba lililopasuka huhitaji fundi. Aliyejiunganishia maji kwa siri huhitaji hatua za kisheria. Mhandisi wa maji anayeita wizi uvujaji ataishia kubadilisha mabomba mazima huku mwizi akiendelea kumwagilia bustani yake. Ikiwa wenye maji wenyewe hawathubutu kuuita wizi wa maji uvujaji, wahasibu wa fedha zetu wamepata wapi ruhusa hiyo?

Wahenga wetu walilijua jambo hili kabla ya istilahi zote hizo. Walisema: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Mtu amepewa pakacha la makuti lililojaa, alibebe hadi kwa mwenyewe. Njiani linavuja, na kadiri linavyovuja ndivyo mzigo unavyopungua. Mchukuzi hana haraka ya kuliziba. Akifika, atamwonesha mwenye mali tundu. Methali hii inatufundisha kwamba hata pale uvujaji ulipo wa kweli, swali la kwanza haliwi ukubwa wa tundu. Swali ni nani alipata nafuu. Semina zetu za "kuziba mianya" zimejaa michoro ya matundu, na wachukuzi ndio wanaokaa meza kuu.

Nani basi huadhibiwa? Historia ya jirani zetu Kenya ina mfano ambao kila mtumishi wa umma wa ukanda huu angepaswa kuujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg ililipwa fidia ya asilimia 35 kwa kile kilichodaiwa kuwa mauzo ya dhahabu na almasi nje ya nchi, ilhali Kenya haikuwa na almasi ya kuuza na dhahabu yake ilikuwa kidogo. Mabilioni ya shilingi yalitoka Benki Kuu. Ndani ya benki hiyo alikuwamo karani kijana, David Munyakei, aliyeziona fomu zile na kutambua kwamba hazikuwa sawa. Nyaraka zikawafikia wabunge wa upinzani, na taifa likajua. Mwaka 1993 Munyakei alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yaliondolewa, lakini kazi yake hakurudishiwa. Miaka kumi baadaye alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Bosire. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara. Kesi za waliotajwa katika kashfa hiyo, kwa upande wao, zilijikongoja mahakamani kwa miaka mingi, nyingine zikafutwa. Mabilioni "yalivuja" na karani "alivujisha": ndiyo mihtasari yangu miwili ileile, safari hii kwa kiwango cha taifa.

Wala tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa Afrika peke yake. Marekani, mwaka 1971, Daniel Ellsberg aliyapa magazeti nyaraka za siri za Wizara ya Ulinzi zilizoonesha jinsi serikali ilivyowadanganya wananchi kuhusu vita vya Vietnam. Ikulu ya Rais Nixon iliunda kikosi cha siri cha kuzuia habari zisitoke, na watu wa kikosi hicho wakajiita mafundi bomba, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kuziba uvujaji. Mafundi hao walivunja ofisi ya daktari wa akili wa Ellsberg wakitafuta cha kumchafulia jina. Mwaka uliofuata baadhi yao walihusika katika uvunjaji wa ofisi za chama cha upinzani katika jengo la Watergate, na mwaka 1974 Nixon alijiuzulu. Waliitwa mafundi, kazi yao ikaitwa matengenezo, na kwa jina hilo walitenda uhalifu.

Hapa kwetu, tofauti na ofisi, mtaa haujawahi kudanganyika. Ukaguzi wa akaunti ya madeni ya nje, EPA, katika Benki Kuu ya Tanzania ulipobaini malipo ya zaidi ya shilingi bilioni 133 kwa kampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, wananchi hawakusema kwamba fedha zimevuja. Walisema zimechotwa. Ilipofika mwaka 2014, katika sakata la akaunti ya Tegeta Escrow na zaidi ya shilingi bilioni 300 zake, neno lilikuwa hilohilo: zimechotwa. Nalo pia ni neno la maji. Lakini tazama picha yake. Kuchota kunahitaji mtu aliyekwenda kisimani, aliyeshika ndoo, aliyeinama, akajaza na kuondoka nayo. Mama lishe na dereva wa bodaboda, bila shahada yoyote, walichagua kitenzi chenye mkono ndani yake. Sisi wenye shahada tukachagua chenye tundu. Ningependa mwenzangu yeyote wa chuo anieleze ni nani kati ya hawa alikuwa msomi.

Sasa nijibu pingamizi mbili, maana ni za haki.

Ya kwanza inasema: hatuwezi kumtuhumu mtu kabla ya ushahidi, na lugha isiyo na mtenda ni adabu ya kiofisi inayolinda wasio na hatia. Nakubali kanuni, nakataa hitimisho. Sisemi muhtasari umwite mtu mwizi. Nasema uandike yanayojulikana: kiasi gani kililipwa, tarehe ipi, kwa nani, kwa idhini ya nani, na nani alikuwa na wajibu wa kukagua. Hakuna tuhuma hapo. Ni kumbukumbu tu. Mahakama ndiyo itakayosema kama ni wizi, uzembe au kosa la hesabu. Neno "kuvuja", kwa upande wake, huwahi kutoa hukumu kabla ya mahakama: huwa limekwisha kusema kwamba hakuna aliyetenda. Na adabu hiyo ya kiofisi ilikuwa wapi siku kijana wa uhasibu alipotajwa kwa jina na namba ya ajira?

Ya pili inasema: ukimtetea anayevujisha, unahalalisha kila siri kutolewa nje. La hasha. Mtihani wa taifa ni siri halali, kwa kuwa unamlinda mtoto asiye na fedha ya kuununua. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta matokeo ya mtihani wa darasa la saba katika shule zote za Halmashauri ya Chemba na katika baadhi ya shule za Kondoa, Ubungo, Kinondoni na Jiji la Mwanza, na watoto wakalazimika kurudia. Kenya nayo, baada ya mitihani ya 2015 kuuzwa mitaani, serikali iliivunja bodi ya baraza lake la mitihani Machi 2016. Siku zote mbili tulisema "mtihani umevuja". Haukuvuja. Kuna watu wazima waliokabidhiwa dhamana wakaigeuza bidhaa, na mtoto wa miaka kumi na mitatu akarudishwa kwenye dawati kulipia. Faili la mgonjwa pia ni siri halali, vivyo hivyo mipango ya ulinzi wa nchi. Kipimo changu ni chepesi: siri hii inamlinda nani? Ikiwa inamlinda mtoto, mgonjwa au raia, anayeitoa anawasaliti. Ikiwa inamlinda mchukuzi dhidi ya mwenye pakacha, anayeitoa anatimiza wajibu wake.

Sheria yetu yenyewe imetambua tofauti hiyo. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Angalia jina: mtoa taarifa. Sheria haikumwita mvujishaji. Lakini ofisini nani anamwita hivyo? Kijana akipeleka hati kwa mamlaka husika, jioni hiyohiyo minong'ono ya korido humwita mvujishaji, na hakuna sheria inayomlinda mtu na jina alilobatizwa na wenzake. Ulinzi wa kweli ungeanza kwa sisi wakuu wa idara, makatibu wa vikao na wahadhiri kukataa kulitamka jina hilo.

Kwa wanafunzi wangu: nikikuta katika tasnifu zenu kwamba fedha za mradi "zilivuja", nitaizungushia sentensi hiyo kalamu nyekundu na kuuliza mtenda yuko wapi. Kwa wanaharakati: mabango yenu yasidai mianya izibwe, yadai majina na sahihi. Kwa watumishi wa umma, ambao najua wengi wenu mnasoma kimyakimya: mnashika kalamu ya muhtasari, na muhtasari ndio kumbukumbu pekee itakayobaki wajumbe wote wakishastaafu. Msiogope kitenzi chenye mtu ndani yake.

Nami nianze na deni langu. Sina mamlaka ya kuurudisha muhtasari wa kamati ile, wala ya kumrudisha kijana yule karibu na wanawe. Ninachoweza ni kuandika hapa, kwa jina langu, namna ambavyo ningepaswa kuandika siku ile: "Kikao kilielezwa kwamba fedha za mafunzo kwa vitendo zilipokelewa lakini wanafunzi hawajalipwa. Hati ya malipo inaonesha zimelipia semina. Wajumbe hawakuoneshwa taarifa ya semina hiyo wala orodha ya washiriki. Kikao kinamtaka aliyeidhinisha malipo atoe maelezo kwa maandishi ndani ya siku saba. Karani aliyeionesha hati hiyo atambuliwe kuwa mtoa taarifa, na asibughudhiwe. Katibu alikuwa na hofu, lakini ameandika."